Maswali ya Wasomaji: Chama cha Wauguzi wa Saratani Kina Faida Gani?

Safu ya mwezi huu tumewaachia wauguzi. Barua zilizotufikia kutoka kisiwani Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe zinazunguka jambo moja: anayewahudumia wagonjwa wa saratani ajiunge na chama cha kitaaluma au asijiunge, na akijiunga apate nini. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Chama cha tatu cha nini?

*Swali: Niko wodi ya saratani, huu mwaka wangu wa 4. Leseni nalipia Baraza, na kila mwezi mshahara unakatwa ada ya chama cha wafanyakazi. Sasa mwenzangu ananihimiza nijiunge na chama cha wauguzi wa saratani. Hiki cha tatu ni cha nini? (Sista, Tudor)*

Jibu: Pesa hizo, dada, zinakwenda penye kazi tatu mbalimbali. Baraza la Wauguzi la Kenya limewekwa na sheria ili mgonjwa alindwe. Ndilo linalokupa leseni, na ukimdhuru mtu kwa uzembe linaweza kukunyang'anya. Chama cha wafanyakazi, ambacho kwa wengi wenu ni KNUN, ni cha mshahara, marupurupu, likizo na saa za zamu. Ukionewa na mwajiri, huko ndiko pa kukimbilia. Lakini dawa ya saratani, yaani kemo, ikivuja nje ya mshipa saa nane mchana, daktari yuko kliniki nyingine, hakuna kati ya hivyo viwili kitakachokuambia uweke kitambaa cha baridi au cha moto. Jibu la swali kama hilo liko kwa wauguzi waliokutana nalo kabla yako, na chama cha kitaaluma ndicho kinachowakusanya.

Kwa Kenya, mlango wa kwanza ni chama cha kitaifa cha wauguzi, NNAK, chenye matawi ya fani mbalimbali, likiwemo la wauguzi wa saratani. Mlango wa pili ni KESHO, jumuiya ya wataalamu wa saratani na magonjwa ya damu, ambamo madaktari, wafamasia na wauguzi huketi meza moja. Anayewauguza zaidi waliozidiwa na maumivu atafaidika pia na KEHPCA, chama cha hospisi na huduma shufaa, yaani utunzaji wa kupunguza mateso ya wagonjwa. Usijiunge na vyote mwaka mmoja. Anza na NNAK kisha uombe kwa maandishi uingizwe tawi la saratani, maana wako wengi wanaolipa ada ya jumla na tawi lenyewe halijui kama wapo.

Kabla ya kuomba, tayarisha nakala ya leseni ambayo muda wake haujaisha, kitambulisho, nambari yako ya usajili wa Baraza, na cheti cha fani kama unacho. Lipa kwenye akaunti yenye jina la chama, uhifadhi ujumbe wa M-Pesa, halafu udai stakabadhi na nambari ya uanachama. Mpaka upate nambari hiyo, wewe bado hujawa mwanachama, umelipa tu. Ada ni ya kila mwaka, na wengi huanguka mwaka wa pili kwa sababu hakuna aliyewakumbusha. Andika tarehe hiyo kwenye simu siku ile ile unayolipa.

Jambo moja kuhusu pointi za CPD, yaani za mafunzo endelevu ya kazi, kwani wengi hujiunga kwa ajili yake. Si kila semina yenye jina la chama inahesabiwa. Uliza mapema kama Baraza limeiidhinisha, jiandikishe unapoingia na unapotoka, kisha angalia akaunti yako ya Baraza ndani ya wiki moja au mbili. Kuzidai pointi zilizopotea mwezi wa leseni kuisha ni kazi ya kumtoa mtu machozi.

Na halazimishwi mtu. Ibara ya 36 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kujiunga na chama chochote, na inakataza pia kulazimishwa. Msimamizi wa wodi akikuambia huingii zamu ya kemo mpaka uwe na kadi ya chama fulani, amekosea.

Nimepata fulana na mkoba

*Swali: Nilijiunga mwaka jana. Nikapewa fulana, mkoba na cheti cha kuhudhuria. Wodini hakuna lililobadilika. Je, niliingizwa mjini? (Kaka, Changamwe)*

Jibu: Hukutapeliwa, ila hujakidai chama kilicho chako. Huko hakuna atakayekuja Changamwe kukubishia hodi. Kinachofaa kutoka chamani ni mambo yaliyoandikwa, yanayoweza kubandikwa ukutani na kufuatwa na mtu aliyechoka. Tutaje manne ambayo muuguzi akiwa peke yake hukosea, na si kwa ujinga. Hukosea kwa sababu hana wa kumkagua.

La kwanza ni kipimo cha mwili. Dozi nyingi za kemo huhesabiwa kwa eneo la mwili: urefu kwa sentimita mara uzito kwa kilo, gawanya kwa 3,600, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mama wa sentimita 160 na kilo 64 ana mita mraba 1.69. Akiandikiwa doksorubisini miligramu 60 kwa mita mraba, dozi yake ni karibu miligramu 101. Sasa baada ya mizunguko mitatu amepungua hadi kilo 55. Eneo limekuwa 1.56, na dozi inashuka hadi karibu 94. Mahali ambapo uzito wa siku ya kwanza hunakiliwa kila mara, mama huyu ataendelea kupewa 101 akiwa dhaifu. Dawa hii pia ina jumla ya maisha: madaktari wengi husimama miligramu 450 kwa mita mraba, na ikipita 550 hatari ya moyo kushindwa inapanda sana. Mgonjwa aliyeanzia Nairobi akamalizia Mombasa hubeba jumla hiyo mwilini, ilhali faili lake limebaki huko. Hapo ndipo nambari ya simu ya muuguzi mwenzio wa hospitali ya kwanza, mliyejuana mkutanoni, inapoizidi barua inayochukua wiki tatu.

Omba chama kikupe fomu ya ukaguzi wa watu wawili. Iwe na jina la mgonjwa, dawa, dozi iliyohesabiwa upya siku hiyo, jumla mpaka leo, majibu ya damu, njia ya kupitishia dawa na muda. Wa pili ahesabu mwenyewe kuanzia mwanzo. Akisoma tu hesabu ya wa kwanza na kutia sahihi, hapo hamjakaguana, mmesainiana.

La pili ni dawa kuvuja nje ya mshipa. Doksorubisini na vinkristini huunguza nyama mpaka kidonda kikahitaji upasuaji. Tafuta mshipa ulionyooka kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Epuka mgongo wa kiganja, kifundo chenyewe na mkunjo wa kiwiko, kwa sababu hapo mishipa ya fahamu na kano ziko juu juu, na mkunjo huficha uvimbe usionekane mapema. Unaposukuma kwa bomba la sindano, pitisha kwenye dripu inayotiririka vizuri na uhakikishe damu inarudi kila baada ya mililita 2 hadi 5. Mgonjwa akisema "sista, yawasha" au "yachoma", simama. Usingoje uvimbe.

Ikishavuja: simamisha dawa, acha branula (mrija mdogo ulio mshipani) mahali pake, usipitishe maji ya kuisafisha, nyonya kadiri unavyoweza kwa bomba dogo, kisha ndipo uitoe. Chora mpaka wa uwekundu kwa kalamu, andika saa, piga picha ya kuweka failini kwa idhini ya mgonjwa, inua mkono, mwite daktari. Doksorubisini huwekewa baridi, dakika 15 hadi 20, mara 4 kwa siku, siku 1 hadi 2, ili mishipa isinyae na dawa isitapakae. Vinkristini huwekewa joto, kwani hiyo inatakiwa itawanyike na kuchukuliwa na damu. Ukizigeuza unaongeza madhara. Wauguzi wenye uzoefu wa miaka huzigeuza kwa haraka, na dawa yake ni karatasi iliyopigwa plastiki juu ya kila kiti cha kemo, pamoja na boksi lenye vifaa vyote lisilofungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwenda kula.

Vinkristini hiyo hiyo ikiingizwa kwenye uti wa mgongo huua. Imeshawaua watu nchi mbalimbali, mara nyingi kwa sababu bomba lake lilikaa sinia moja na la dawa ya mgongo. Tangu 2007 Shirika la Afya Duniani limeshauri ichanganywe kwenye mfuko mdogo wa dripu badala ya bomba la sindano, maana mfuko hakuna atakayejaribu kuuingiza mgongoni. Kama hospitali yenu bado inatumia bomba, hili ndilo la kulipeleka chamani kwanza. Muuguzi mmoja akilisema kwa mfamasia huambiwa ndivyo tulivyozoea. Barua yenye nembo ya chama na ushauri wa 2007 uliotajwa ndani yake husomwa mezani.

La tatu ni mwili wako wewe. Dawa hizi haziulizi nani mgonjwa. Kwenye kuandaa na kutoa: glavu jozi mbili zilizopimwa kwa kemo, zibadilishwe kila dakika 30 au mara tu zinapochafuka au kutoboka, gauni la mikono mirefu linalofungwa nyuma lisilopitisha maji, na kinga ya macho penye hatari ya kurukiwa. Mkojo, kinyesi na matapishi ya mgonjwa huhesabiwa kuwa na dawa kwa saa 48 baada ya dozi, kwa hiyo hata mhudumu wa usafi anastahili glavu hizo, na mara nyingi ndiye anayesahaulika. Mwenye mimba au anayenyonyesha aombe kazi nyingine wodini bila kuona haya. Kwenye jua la Mombasa, chumba kisicho na kiyoyozi, gauni ni mateso na watu hulivua. Tunalijua hilo. Ndiyo maana ombi la kiyoyozi na kabati la kuchanganyia dawa lenye mvuto wa hewa linafaa kuandikwa kama suala la usalama, likitaja mwongozo wa chama. Likiandikwa kama suala la starehe litawekwa kando.

La nne ni homa. Siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dozi nyingi, chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa. Homa ya 38.3 mara moja, au 38.0 inayodumu saa nzima, ni dharura, na antibayotiki ya mshipani inatakiwa ianze ndani ya dakika 60 tangu afike. Mgonjwa wa Lunga Lunga au Kilifi ataanzia zahanati ya karibu, atapewa panado, homa itafichika, atalala. Mpe kadi ndogo ya Kiswahili: "Natibiwa kwa kemo. Dozi ya mwisho tarehe fulani. Nikiwa na homa ya 38 au zaidi nahitaji damu kupimwa na antibayotiki sasa hivi. Piga simu wodini nambari hii." Kadi ya aina hii ikipitishwa na chama kwa Pwani nzima, muuguzi wa zahanati ataitambua popote.

Kwa hiyo, kaka, peleka kimoja kati ya hivi vinne kwa tawi kabla mwezi haujaisha. Uliza nani ana fomu iliyokwisha tumika. Utashangaa zilivyo nyingi, zimekaa kwenye kompyuta za watu.

Mimi ni wa zahanati tu

*Swali: Nafanya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi Likoni. Sitoi kemo. Nitakubaliwa? (Muuguzi, Likoni)*

Jibu: Hilo neno "tu" lifute, dada. Anayeiona saratani kabla haijawa saratani ni muuguzi wa saratani, na chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, ilipozinduliwa nchini Oktoba 2019, uzinduzi ulifanyika hapa hapa Mombasa. Omba uanachama, na uwaulize wenzio mambo ya kazi yako: asidi ya siki iwe asilimia 3 hadi 5, iliyochanganywa karibuni, usubiri dakika nzima kwa saa kabla ya kuangalia, na taa iwe ya kutosha. Majibu mengi ya "hakuna kitu" yanayokuja kugeuka baadaye hutokana na haraka na taa dhaifu. Chama kitakufaa zaidi mahali uzi unapokatika: mama mwenye alama nyeupe umemtuma kisiwani, je, alifika? Ukiwa na jina la muuguzi anayempokea upande wa pili wa kivuko, utajua jioni hiyo hiyo.

Chama cha Marekani kitanipeleka Marekani?

*Swali: Nimeambiwa nikijiunga na chama cha wauguzi wa saratani cha Marekani nitapata cheti cha OCN, cha umahiri wa uuguzi wa saratani, na kazi huko. Wakala anataka pesa ya kunisajili. (Kijana, Bamburi)*

Jibu: Shika pesa yako kwanza. Chama hicho, ONS, ni cha kweli, kilianzishwa 1975, na mtu wa nje huruhusiwa kujiunga mwenyewe mtandaoni bila wakala. Masomo na miongozo yake ni ya thamani hata ukibaki Bamburi. Lakini uanachama si leseni, na cheti cha OCN hutolewa na shirika lingine, ONCC, kwa mtihani. Ili ukae mtihani huo lazima uwe na leseni hai ya uuguzi ya Marekani, maeneo yake, au Kanada. Leseni ya Kenya haitoshi. Anayekuahidi kinyume chake ama hajui ama anakudanganya.

Kwa mwenye hamu ya kuona mbali bila kuhama, kuna ISNCC, jumuiya ya kimataifa ya wauguzi wa saratani iliyoanzishwa 1984, na AORTIC, shirika la Afrika la utafiti na mafunzo ya saratani, ambalo hufanya mkutano mkuu kila baada ya miaka 2. AORTIC tunaipendekeza zaidi. Huko utakutana na wauguzi wanaokosa dawa zile zile unazokosa, na ufumbuzi wao hauanzi na mashine ya mamilioni.

Dalili za utapeli ni zile zile: malipo kwa nambari ya mtu binafsi, cheti bila mtihani wala masomo, haraka ya "leo ndiyo mwisho", na kutotaka kukuonyesha nambari ya usajili wa chama.

Picha kwenye kundi la WhatsApp

*Swali: Kundi letu la wauguzi hutumiana picha za vidonda kuomba ushauri. Kuna aliyelalamika. Tumekosea? (Msimamizi wa zamu, Kisauni)*

Jibu: Kuomba ushauri hamjakosea, namna ndiyo mbaya. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa data nyeti. Saratani ya titi au ya mdomo, kwenye mji ambao kila mtu ni jamaa ya mtu, humtambulisha mgonjwa hata uso usipoonekana. Pete, hina, shuka ya wodi, hata sauti ya mama yake nyuma ya video, vyote vinatosha. Pata idhini iliyoandikwa, piga picha ya sehemu ndogo, ondoa jina na nambari ya faili, zima simu isijihifadhie picha yenyewe, na baada ya jibu ifutwe. Maelezo ya maneno mara nyingi yanatosha: upana kwa sentimita, rangi, harufu, maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10. Jambo la dharura lisiwekwe kwenye kundi kabisa, mpigie mtu. Tumeona makundi ambamo swali la homa liliulizwa saa mbili usiku, likajibiwa asubuhi kwa picha ya maua na salamu za Ijumaa.

Binti yangu hali chakula

*Swali: Mimi si muuguzi. Binti yangu ndiye, yuko wodi ya saratani. Akirudi hali, hasemi, na wiki ambayo mtoto mmoja mgonjwa alimfia wodini alilia siku tatu. Ati chama kitamsaidia? (Mama, Majengo)*

Jibu: Shikamoo mama. Anachokibeba binti yako kinajulikana, na si udhaifu. Anawaosha, anawalisha, anawajua watoto wao kwa majina miezi 6 au 8, kisha anawafunga shuka na saa moja baadaye kitanda kina mtu mwingine. Chama hakiwezi kuwa badala ya daktari wa akili, na kama halali usingizi zaidi ya wiki 2, au anasema maisha hayana maana, msimsubirie chama, mpelekeni hospitali.

Ila mzigo huu una sehemu ambayo ndugu nyumbani hawezi kuishika hata akipenda vipi, kwa sababu hakuwepo. Mwenziwe wa kazi anaweza. Matawi mazuri huweka kikao kifupi baada ya kifo kizito: dakika 20, watu 4 au 5, mlango umefungwa, hakuna anayeandika. Kila mmoja aseme kilichotokea, kilichomuuma, na kama kuna ambacho kingeweza kufanywa tofauti. Msimamizi asiwe yule anayejaza fomu zao za tathmini, watu hawatafungua kinywa. Watu wa Coast Hospice, hospisi ya hapa Mombasa, wamezoea mazungumzo ya kifo kuliko wodi nyingi, na kuwaalika ni jambo la barua moja. Nyumbani, mama, usimuulize "leo kumekufa nani". Mwandalie chai, ukae naye, umwache aanze.

Mikutano yote ni Nairobi

*Swali: Tuko wauguzi 7 wa saratani katika hospitali tatu za hapa. Kila semina ni Nairobi. Treni, chumba, siku mbili za zamu. Twaweza kuanzisha chama chetu wenyewe? (Wauguzi, Mombasa)*

Jibu: Tawi, ndiyo. Chama kipya, tunawashauri msijaribu. Sheria ya Vyama inazungumzia watu 10 au zaidi, na nyinyi ni 7, lakini hata mngekuwa 15 mngetumia mwaka wa kwanza kwa katiba, msajili na akaunti, hamu ikaisha kabla hamjajadili mgonjwa hata mmoja. Andikieni NNAK na tawi la saratani mkiomba kutambuliwa kama kikundi cha Pwani. Ambatanisheni majina 7, nambari za uanachama, mahali pa kukutania, na mada za miezi 6.

Mkutano uwe siku moja isiyobadilika kila mwezi. Epukeni wiki ya mwisho wa mwezi, na mwezi wa Ramadhani usogezwe usiku baada ya tarawehe au ufanywe mtandaoni. Saa tisa hadi saa kumi jioni hufaa wanaotoka zamu ya asubuhi, na anayeishi Likoni au Mtongwe awahi kivuko kabla ya msongamano wa jioni. Dakika 60, basi: dakika 25 kesi moja bila jina la mgonjwa, 20 fomu au utaratibu mmoja, 10 upungufu wa dawa na vifaa katika hospitali zote tatu, 5 za pesa na tarehe. Mhudhuriaji asiye mwanachama mwalikeni mara mbili, ya tatu ajiandikishe. Mfamasia na mtu wa maabara wakaribisheni, wakati mwingine wao ndio wenye jibu.

Vikundi vya namna hii huvunjika kwa sababu mbili tulizoziona zikijirudia. Moja ni mwanzilishi kufanya kila kitu mpaka akahamishwa kaunti nyingine, na kila kitu kikaondoka naye. Zungusheni uenyekiti wa kikao kila mwezi, na kumbukumbu zihifadhiwe mahali ambapo watu watatu wana neno la siri. Ya pili ni pesa ya chai. Mweka hazina asiwe mwenyekiti, kutoa pesa kuhitaji sahihi mbili, na hesabu isomwe kila kikao hata ikiwa ni shilingi 350.

Kuhusu Nairobi: mkutano mmoja kwa mwaka unafaa kwenda, ila si lazima mwende nyote. Changeni mtume wawili, kila mwaka wengine, kwa sharti moja la maandishi: ndani ya siku 14 watawafundisha waliobaki, kwa mikono na si kwa picha za ukumbi. Ombi la ruhusa lifike kwa msimamizi wiki 6 kabla, kabla ratiba ya zamu haijapangwa. Liwe ukurasa mmoja: mada gani, nani atashika zamu yangu kwa jina na sahihi yake, na nitarudi na nini kwa wodi. Hilo la tatu ndilo wengi hawaliandiki, na ndilo msimamizi analotafuta ili apate cha kumwambia mkubwa wake. Treni ya asubuhi kutoka Miritini huwafikisha Nairobi mchana, na tiketi zikatwe mapema, mwezi wa shule kufungwa hujaa. Kwa semina za mtandaoni, kusanyikeni hospitali moja kwenye skrini moja, maana kila mtu akifuatilia kwa simu yake wodini, kengele ya dripu ya kwanza ikilia somo limeisha.